Kiingereza cha Baba Leah

"Jumatatu!"

"On Monday."

"Januari!"

"In January."

"Asubuhi!"

"In the morning."

"Jioni!"

"In the evening."

"Usiku!"

"At night."

Fimbo ya mkole ikatua kwenye mashavu ya miguu ya mtoto, paa! paa! Leah akaruka kidogo, kisha akarudi kusimama palepale, mgongo umenyooka, mikono imebana sketi ya shule.

"Usiku, nimesema!"

"At night, baba."

Ikatua tena.

"Asubuhi umesema in the. Jioni umesema in the. Sasa usiku umeingiwa na nini? Usiku umewakosea nini wenzake? Unanichezea, Leah?"

"Ndivyo mwalimu alivyotufundisha, baba. Usiku ni at."

"Kwa nini?"

Mtoto akaitazama fimbo. Na wewe unayesoma hapa, kama unajua kwa nini, ungekuwepo jioni ile uani kwa Laurian, Ilongero, ukamsaidia. Waingereza wenyewe hawajui kwa nini. Waliamua tu wakaenda zao, wakatuachia sisi huku tuumizane.

Severina, mama wa mtoto, alikuwa mafigani anasonga ugali wa mtama. Kila fimbo ilipolia mwiko wake ulisimama, halafu ukaendelea.

"Baba Leah," akasema bila kugeuka, "ugali umeiva."

"Ugali hauna miguu. Ukae."

"Mtoto hajala tangu mchana."

"Na mimi sijala Kiingereza tangu nizaliwe. Nimekufa?"

Msije mkadhani Laurian alikuwa mlevi. Heri angekuwa mlevi, maana pombe hulala ikaisha. Huyu alikuwa mtu wa kanisani, mtu wa jembe, mtu wa kufika wa kwanza kwenye kikao cha wazazi. Shule aliishia darasa la saba. Ng'ombe wa baba yao walitaka mchungaji na mdogo wake Calist alikuwa na kichwa chepesi, basi Laurian akapewa fimbo, Calist akapewa kalamu. Leo Calist ana mashine ya kukamua alizeti Utemini, Singida mjini, ana nyumba ya vigae, na watoto wake wanasoma shule ambayo hata mpishi anasalimia kwa Kiingereza.

Krismasi iliyopita Calist alimwambia: "Kaka, huyu Leah akianza kidato cha kwanza nitamwangalia. Akishika Kiingereza hata kidogo, namhamishia shule anayosoma Faith wangu, ada juu yangu. Mleteni Jumapili moja tumsikie."

Tangu siku hiyo Laurian hakulala vizuri. Na tuseme ukweli wote, Severina naye aliitaka shule ile. Aliitaka mpaka tumboni. Alikuwa na mtoto mmoja tu, na hakutaka aje asonge ugali kwenye mafiga yale yale. Ndiyo maana fimbo ilipolia, alijiambia kimoyomoyo kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Akasonga.

Jumapili yenyewe ilikuwa inakuja.

*

Kesho yake Laurian akaanza kumchukua Leah shambani kila akitoka shule. Alisema nyumbani kuna kelele. Kelele yenyewe ilikuwa Severina. Shamba lao la alizeti lilikuwa kule bondeni, mbali na macho ya watu, na palizi ilikuwa imewabana, hivyo hakuna aliyeona ajabu baba na binti wakishuka pamoja na majembe. Walirudi giza linaingia, Laurian mbele anapiga mluzi, mtoto nyuma.

"Njoo ukae ule," Severina akamwambia Leah.

"Nitakula nimesimama, mama."

"Ukala umesimama kama punda?"

"Nimekaa sana darasani leo."

Severina akamtazama. Mtoto akageuzia uso ukutani, akala haraka haraka.

Siku ya pili Severina akajifunga kanga, akaenda shuleni. Ile ni sekondari ya kata, mabweni hakuna, madirisha nusu. Kidato cha kwanza walikuwa bado kwenye yale majuma ya kuwavusha kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Darasa zima lilikuwa linaimba siku za wiki, na anayekosea alisikika kwa namna yake. Mwalimu Sostenes, kijana wa miaka ishirini na kitu, akatoka nje, chaki kwenye nyusi.

"Shikamoo mama Leah."

"Marahaba mwalimu. Nimekuja na ombi. Mwambie baba Leah apunguze."

"Apunguze nini, mama?"

"Kumfundisha."

Mwalimu akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyeambiwa mvua imezidi Singida.

"Mama, wazazi wengine nikiwaita hawaji hata nikifa. Baba Leah anakuja bila kuitwa. Fimbo tulizoomba kila kaya ilete, yeye alileta mzigo mzima, zimenyooka utadhani za kununua. Tungekuwa na wazazi kumi kama yule, shule hii ingekuwa mbali."

"Mwalimu, mtoto anaumia."

"Kwani mama," akapunguza sauti, "kwenye kile kikao mwenyekiti alipouliza nani anaunga mkono watoto wachapwe, nani alinyoosha mkono wa kwanza?"

Severina akatazama vidole vya miguu yake. Alikuwa yeye. Tena alinyoosha juu sana, na watu walimpigia makofi.

"Basi tusaidiane," mwalimu akasema, akarudi ndani. Severina akabaki pale uwanjani na aibu yake, mpaka mbuzi wa watu akaanza kumnusa kanga.

*

Jumamosi Laurian hakwenda shambani. Alikaa uani anachonga mpini mpya wa jembe, Leah amesimama mbele yake. Alitaka sentensi nzima, siyo vijineno. Kesho Calist asije akasema mtoto ameletwa na maneno mawili mawili kama kuku wa kuazima.

"Sema unaamka saa ngapi. Kiingereza."

"I wake up at five o'clock in the morning."

Laurian akaacha kuchonga. Hesabu alikuwa anaijua, mpaka kumi na mbili kwa Kiingereza alikuwa anaijua tangu darasa la nne, na hapo huwezi kumdanganya. Akahesabu kwa vidole, one, two, three, four, five.

"Tano. Unaamka saa tano?"

"Hapana baba, saa kumi na moja."

"Sasa mbona umesema tano?"

"Saa za Kiingereza zinahesabiwa tofauti, baba. Mwalimu bado hajatufundisha vizuri, ila kwenye kitabu nimeona..."

"Kumi na moja ni nini kwa Kiingereza?"

"Eleven."

"Wewe unaamka saa kumi na moja kwenda kisimani, mimi nakuona kwa macho yangu. Halafu unataka ukamwambie baba yako mdogo kwamba unaamka saa tano, jua limechoma, kama mke wa mfalme?"

"Baba, kwenye kitabu..."

Mpini ule, ambao ulikuwa haujaingia hata kwenye jembe, ukampata begani. Leah akaanguka kwenye mabanzi. Severina akatoka jikoni mbio.

"Baba Leah! Huo si ufito, huo ni mti!"

"Eleven!" Laurian akapiga kelele. "Sema!"

"I wake up at eleven o'clock in the morning," mtoto akasema kutoka chini.

"Tena!"

Akasema tena. Akasema mpaka jua likazama na sentensi ikawa inatoka yenyewe. Laurian akatabasamu, akamsaidia kuinuka, akamfuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe. "Umeona? Ukitulia unaweza. Wewe una kichwa kama cha baba yako." Na alimaanisha. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, kwamba alikuwa anampenda.

*

Utemini walifika baada ya ibada. Emiliana, mke wa Calist, aliwafungulia geti simu ikiwa mkononi.

"Shikamoo shemeji," akamwambia Laurian, macho kwenye simu. "Viatu acheni hapo nje, tumepiga deki."

Laurian alikuwa amevaa suruali ya harusi yake. Akavua viatu, na soksi moja ilikuwa na tundu mbele. Akalikunja tundu chini ya kidole, akatembea hivyo mpaka kwenye kochi. Severina alimletea mwenyeji kuku na chupa ya asali. Emiliana akampokea kuku kwa ncha za vidole, akamwita dada wa kazi.

Soda zikaja. Calist alikuwa mtu wa tumbo na maneno mazuri, na hakuwa na roho mbaya, semeni mtakavyo. Akamwita Leah katikati ya zulia.

"Haya mwanangu, usiogope. Faith, muulize dada yako kitu kidogo."

Faith, umri wa miaka kumi, hakusimama wala hakuweka soda chini. "What time do you wake up?"

Laurian akashika goti la Severina, akalibana. Swali lenyewe! Mungu amelishusha lenyewe!

Leah akanyoosha mgongo. Akamtazama baba yake. Mdomo ukafunguka, ukafunga. Severina aliona mtoto akichagua, na akaona alichokichagua.

"I wake up at eleven o'clock in the morning."

Emiliana ndiye aliyeanza. Akaficha mdomo kwa simu, mabega yakatikisika. Faith akapaliwa soda. Hata Calist akacheka, tumbo likapanda likashuka. Na Laurian, loo, Laurian akacheka kuliko wote! Akapiga paja, akamgeukia mkewe: "Umesikia? Umewasikia wanavyofurahi?" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, soksi ikafunguka, kidole kikabaki nje kinawatazama wenye nyumba.

Leah peke yake hakucheka. Severina naye akaacha kutabasamu.

"Basi kaka," Calist akasema akifuta macho, "mtoto ni mzuri, ila bado. Apewe muda. Mwakani tutaona."

"Mwakani?"

"Mwakani, kaka. Haraka ya nini?"

Laurian hakuelewa. Alikunywa soda yake mpaka chini akitafuta kosa liko wapi. Ni Faith aliyewasindikiza hadi kwenye bodaboda, na watoto hawana pazia mdomoni.

"Baba mkubwa, kwani Leah ni mgonjwa? Mbona anaamka saa tano asubuhi?"

"Anaamka saa kumi na moja," Laurian akasema.

"Amesema eleven! Eleven ya asubuhi ni saa tano. Saa kumi na moja ni five. Hata bebi klasi wanajua." Akacheka, akakimbilia ndani.

Dereva wa bodaboda akacheka naye. Akawauliza kama wanapanda wote watatu.

*

Laurian alipanda nyuma ya dereva, Leah katikati. Upepo ulikuwa unapiga, vumbi linawaingia machoni, na Severina, aliyebanwa nyuma kabisa, alikuwa anauona ukosi wa shati la mumewe na mishipa ya shingo. Alijua. Mke wa miaka mingi hajui yote, lakini shingo anaijua. Alimshika Leah kiuno kwa mikono miwili akaomba pikipiki ipasuke tairi.

Haikupasuka. Walifika jua bado lipo. Laurian akamlipa dereva, akasubiri aondoke, akamsalimia jirani aliyepita na ng'ombe, wakaulizana habari za palizi. Halafu akaingia uani akachukua ule mpini.

"Baba Leah, ngoja," Severina akasema. "Ngoja kwanza. Vua hizo nguo."

"Umenivua nguo mbele ya mdogo wangu," Laurian akamwambia mtoto. Sauti ilikuwa ya chini, akaichanganya na Kinyaturu kama kila akikasirika. "Mbele ya mke wake. Nimecheka! Wananicheka mimi na mimi nacheka!"

"Baba, nisamehe."

Pigo la kwanza lilimpata kwenye nyonga. La pili mgongoni, kishindo kikasikika kama gunia linapotupwa chini. Leah alikimbilia ukuta wa jiko, na kosa lilikuwa hapo, maana ukuta hauna mlango. Laurian akamfuata, anapiga anahesabu, one, two, na hesabu yake ilikuwa haikosei.

Severina akaingia katikati. Akaukamata mpini kwa mikono miwili na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akamwambia mumewe jambo bila kuliweka baba Leah mbele.

"Ni wewe! Mtoto alisema five! Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu! Eleven ni yako! Walikucheka wewe, Laurian!"

Laurian akaacha kuuvuta mpini. Ungedhani neno limemfikia. Lilimfikia kweli. Akampiga kichwa mkewe kwa kichwa chake, puu, mdomo ukapasuka, jino likalegea, Severina akakaa chini bila kutaka. Akaona mpini unapanda. Akaona Leah ananyanyua mkono wa kushoto kujifunika kichwa. Akasikia.

Mtu aliyewahi kuvunja kuni kavu asielezwe sauti ile ilikuwaje. Mkono ulikunjika pale ambapo mkono haukunjiki. Leah hakulia. Aliutazama kama kitu cha mtu mwingine alichopewa ashike, halafu akateleza ukutani taratibu.

Laurian akaangusha mpini.

"Si nilisema atulie," akasema. "Si nilisema." Akaingia ndani, akatoka, akaingia tena. Akaleta maji kwenye kikombe na hakujua ampe nani.

*

Kituo cha afya waliufunga mkono kwa vipande vya boksi na bandeji, wakampa mtoto dawa ya maumivu. Asubuhi daktari akasema mfupa huu wa kupelekwa mjini, lakini kwanza leteni fomu ya polisi, kesi za namna hii haziendi bila fomu. Hakuuliza zaidi. Alimtazama Severina mdomo, akaandika kitu chake.

Calist alifika na gari kabla chai haijachemka. Nani alimpigia simu hatujui, labda Laurian mwenyewe. Akamvuta Severina pembeni, nyuma ya tangi la maji.

"Shemeji, pole sana. Nimelia, nakuambia ukweli. Lakini tufikirie. Polisi watauliza. Mtoto ameanguka kwenye mkokoteni wa punda. Jumamosi."

"Jumamosi?"

"Jumapili mlikuwa kwangu. Sitaki nyumba yangu iingie humu. Jumamosi ameanguka, mkamfunga kienyeji, leo mmeona haifai. Na wewe mdomo umejigonga mlangoni. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na akimuua siku nyingine?"

"Hamuui! Nitaongea naye. Yule ni kaka yangu, alichunga ng'ombe ili mimi nisome, nitampeleka gerezani leo? Halafu nani atalima? Palizi iko shingoni." Akamsogelea. "Sikiliza. Mtoto akipona tu, namchukua. Anahamia kwangu, anasoma na Faith. Ada, sare, kila kitu. Hatakuwa hata kwenye mikono yake tena. Si ndicho mlichokuwa mnakitaka? Ila kaka akifungwa, ukoo utasema mimi nimemchukua mtoto wa mtu niliyemtosa. Sitaweza."

Tazama sasa. Shule ile aliyoitaka mpaka tumboni ilikuwa inakuja kwa miguu yake mwenyewe, imesimama nyuma ya tangi la maji, imevaa saa ya dhahabu. Ilitaka neno moja tu, tena dogo. Jumamosi. Na mtoto angekuwa mbali na fimbo, mbali na mpini. Ni mama gani angekataa? Severina alifumba macho. Jino lililolegea lilimuuma.

"Haya shemeji," akasema.

*

Kituo cha polisi walikuta afande mwanamke, anaitwa Rukaiya, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Calist alisalimia kwa niaba ya wote, akaeleza yote, mkokoteni, punda, Jumamosi. Alieleza vizuri. Alieleza mpaka rangi ya punda. Laurian alikaa benchi la ukutani, magoti pamoja, kama aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Leah alikaa katikati ya mama na baba mdogo, uso umevimba upande mmoja.

"Sawa mzee, nimekusikia," afande akasema. "Sasa nimsikie mwenye mkono." Akavua miwani, akainama juu ya meza. "Usiogope mwanangu. Umeumia lini?"

Leah akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Akanyoosha mgongo, mkono mzima ukabana sketi, macho yakaenda moja kwa moja kwa baba yake kule ukutani.

"On Sunday," akasema haraka. "In the evening."

Kalamu ya afande ikasimama hewani. Calist akafumba macho. Na Laurian, jamani, Laurian uso ukamfunguka! Akainua kidevu, akamtazama afande, akamtazama askari wa mlangoni, kama anatafuta nani mwingine amesikia.

"Hiyo ni sahihi," akasema. "Hiyo nimemfundisha mimi mwenyewe."

"Anamaanisha masomo, afande," Calist akadakia. "Kaka yangu anapenda sana elimu."

"Umemfundisha wewe," afande akasema polepole. "Umemfundisha na nini?"

Laurian akaficha mikono katikati ya magoti. Fahari ilikuwa bado haijaondoka usoni, lakini haikuwa na pa kukaa tena. Akatazama sakafu.

"Mama," afande akamgeukia Severina. "Nikuulize wewe. Jumamosi au Jumapili?"

"Shemeji," Calist akasema kwa upole sana, "kumbuka tulivyoongea."

Severina alikumbuka. Aliikumbuka sare, aliikumbuka nyumba ya vigae, akamwona Leah wake amekaa kwenye kochi lile anacheka na wenzake. Kisha akamtazama Leah aliyekuwa mbele yake, amesimama bado, anasubiri kuambiwa kama amepata au amekosa. Mtoto aliulizwa na mtu mwema ameumia lini, na alichofanya ni kutafuta jibu litakalomwepusha na kipigo.

"Jana," Severina akasema. "Jumapili, tumetoka Utemini. Mume wangu ndiye amemvunja. Kwa mpini wa jembe. Na huu mdomo ni yeye."

"Mama Leah!" Laurian akanyanyuka nusu. "Na palizi?"

"Nitapalilia mwenyewe."

"Shemeji, umeua," Calist akanong'ona. Akasimama, akatafuta funguo za gari, akazitafuta muda mrefu zikiwa mkononi mwake. Akatoka bila kuaga, na shule ikatoka naye. Severina alisikia gari likiwaka na hakugeuza shingo. Alikuwa analia sasa, analia waziwazi, kamasi na damu, na hakujali.

Afande Rukaiya akaandika ukurasa mzima. Alipomaliza akamfanyia ishara yule askari wa mlangoni. Askari akamgonga Laurian bega, bila ukali, kazi ya kila siku.

"Mzee, simama. Utaingia mahabusu. Vua viatu, toa vitu mfukoni, vua na mkanda, weka hapa mezani."

Laurian akavua viatu. Akatoa kitambaa na rozari. Akashika mkanda, akaulegeza, na chuma chake cha kufungia kikalia, kli.

Leah akashuka chini. Aliufikisha mkono uliovunjika sakafuni kwa uangalifu, kisha goti moja, kisha la pili, akampa baba yake mgongo, paji la uso likagusa saruji. Hakuwa amefokewa. Hakuwa ameitwa. "On Monday," akaanza, "on Tuesday, on Wednesday..." na hakuwa anasimama kupumua.

Chumba kizima kikamtazama. Askari akarudi hatua nyuma. Severina naye alikuwa anatazama, na kichwa chake kilikuwa kinakataa kuelewa, maana nyumbani kwake mkanda haukuwahi kuvuliwa. Nyumbani ilikuwa fimbo. Siku zote ilikuwa fimbo.

Kule bondeni, kwenye alizeti, yeye hakuwahi kwenda nao.

Laurian alikuwa ameushika mkanda kwa mikono miwili na hakujua auweke wapi. "Leah," akasema, "inuka, mwanangu." Mtoto aliposikia sauti yake akaongeza kasi, "on Thursday, on Friday."

Severina akapiga magoti, akamfunika mwanawe kwa kanga na kwa mwili wake, akambana mpaka yale maneno yakafia kifuani kwake. Kisha akainua uso.

"Afande," akasema, "andika na mkanda."